Maudhui ya Elimu: Alfabeti za Kale Zinafichua Nini?

Herufi 'b' inaweza kufunzwa kwa picha ya baba, Biblia, benki au bunduki. Sauti ni ile ile, lakini picha inafichua mtu mzima anataka mtoto awe nani. Tazama mifano hii ya alfabeti za Kiingereza.

(a) Elimu kama malezi ya kidini
The New England Primer kilianza kuchapishwa mjini Boston mwishoni mwa karne ya 17. Herufi A iliandamana na picha ya Adamu na ubeti mfupi kuhusu dhambi yake. Kabla mtoto hajajua kuandika jina lake, tayari alikuwa ameambiwa kwamba yeye ni mwenye dhambi. Walioandaa kitabu hiki waliamini kuwa samaki hukunjwa angali mbichi.

(b) Elimu kama chombo cha siasa
Katika kitabu hicho hicho, K ilisimamia neno la Kiingereza lenye maana ya mfalme. Nakala ya 1727 ilimsifu mfalme. Baada ya Marekani kujitangazia uhuru mwaka wa 1776, kuna matoleo yaliyogeuza sifa hizo kuwa onyo kwa wafalme. Herufi haikubadilika, watawala ndio waliobadilika.

(c) Elimu kama mhimili wa ukoloni
Mwaka wa 1899, Mary Frances Ames alichapisha An ABC for Baby Patriots mjini London. Humo, C ni ya makoloni, na ubeti wake unajigamba kuwa Uingereza ina mengi kuliko mataifa mengine. Nchi yetu ilikuwa chini ya himaya hiyo tangu 1895. Mtoto Mwingereza alijifunza kusoma na kujivunia kutawala wengine kwa wakati mmoja.

(d) Elimu kama ukombozi
Kinyume chake, The Anti-Slavery Alphabet cha Philadelphia (1846) kilianza na herufi A ya mpinga utumwa. Hivyo basi, chombo kile kile kilichotumiwa kutukuza utawala kiliweza pia kupinga dhuluma.

Kidokezo kwa mtahiniwa
Unapojadili maudhui ya elimu katika kitabu teule, usikomee kusema kuwa elimu ni ufunguo wa maisha. Jiulize:
- Nani anafundisha, na anafundisha nini?
- Ni nani anayenufaika?
- Nani ameachwa nje ya darasa?
Kila jibu lithibitishwe kwa tukio mahususi kutoka kitabuni.

Zoezi
1. "Elimu haikosi mwenye nia yake." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea kitabu teule ulichosoma. (alama 20)
2. Chagua herufi tatu na picha ambazo ungemfundishia mtoto leo. Eleza mtazamo wako kuhusu elimu unaojitokeza katika kila picha. (alama 6)