Kuta za Mimea na Wanaozibomoa

Kila tulapo mchicha, pera au kipande cha chungwa, twala na kuta pia. Kwani kila chembe ya mmea imezungukwa na ukuta, na ukuta huo umejengwa kwa sukari. Wala si sukari ya chai. Ni sukari za namna nyingi zilizoungana minyororo na matawi. Vimeng'enya vya mwili wetu huvunja wanga wa wali na muhogo, lakini vikifika kwenye ukuta wa mmea hushindwa.

Basi, nani auvunjaye? Ni bakteria wakaao katika utumbo mpana. Mmoja wao aitwa Bacteroides thetaiotaomicron (atakayelitamka kwa pumzi moja tutampa heko). Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani walitangaza kuwa wamesoma urithi wake wote, na ndani yake mna maagizo ya kutengeneza vimeng'enya zaidi ya 200 vya kukatia sukari za namna hiyo.

Ajabu kubwa zaidi ilielezwa mwaka 2017 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, pamoja na wenzao. Katika pektini, ile igandishayo jamu, mna sehemu yenye sukari za namna 13, zilizofungwa kwa vifundo vya namna 21. Hakuna mfumo wa sukari ujulikanao wenye utata kuushinda huo. Bakteria huyu huvifungua vifundo vyote isipokuwa kimoja, na kila kimeng'enya kina kifundo chake, kama ufunguo na kufuli yake.

Twawaomba wazazi wasidhani kwamba jambo hili ni la maabara tu. Bakteria wa utumboni wakishazivunja sukari hizo hutoa asidi, na mojawapo ndiyo chakula kikuu cha chembe zitandazo utumbo mpana.

Na wasipoletewa mboga wala matunda je? Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa, katika panya walionyimwa sukari hizo za mimea, bakteria huyu huyu aligeukia ute ufunikao utumbo, akaula. Mwaka 2016 ilionekana, katika panya vilevile, kuwa ute ukipungua vijidudu vya maradhi huufikia utumbo kwa wepesi. Naam, hao ni panya. Lakini mtoto ashindaye kwa mkate mweupe na chai ya sukari huwapelekea bakteria wake chakula kidogo mno, maana karibu vyote humezwa na mwili kabla ya kufika kwao. Na ile nyama nyeupe ya ganda la chungwa, ambayo wengi wetu huibandua na kuitupa, ina pektini nyingi kuliko maji ya chungwa lenyewe.