Mtamba Mgeni na Malisho Mapya: Jinsi Mifugo Inavyojifunza Kula

Kaya inayopokea mtamba kwa utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe hupokea pia deni la kutoa ndama jike kwa kaya nyingine. Kwa hiyo huwa ni mashaka makubwa pale mtamba aliyekulia kwenye nyasi za uwanda wa baridi wa Kitulo anapofikishwa katika banda la Rungwe au Mufindi, akawekewa mabingobingo, naye akanusa na kugeuza uso. Mfugaji hudhani ameletewa mnyama mgonjwa. Mara nyingine mtamba huyo ana afya njema, ila chakula hicho hajakizoea.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawazaliwi wakiyajua majani yote yafaayo na yadhuruyo. Mwalimu wao wa kwanza ni mama. Ladha ya baadhi ya vyakula alavyo mama humfikia mtoto angali tumboni, na baadaye hupitia katika maziwa. Ndama anapoanza kuonja majani, humwangalia mama: akilacho hukila, akiachacho hukiacha.

Mwalimu wa pili ni tumbo. Chakula kikimpa mnyama nguvu, mwili huihusisha ladha yake na shibe, naye hukitafuta tena. Kikimletea kichefuchefu, huichukia ladha ile. Mwaka 1955 John Garcia na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba panya walionywa maji matamu huku wakipigwa mionzi inayowaumiza waliyakataa maji hayo baadaye. Watafiti wengine, miongoni mwao Fred Provenza wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, walionyesha kwamba kondoo na mbuzi nao hujifunza kwa njia hiyo. Ndiyo sababu mnyama aliyeshiba huonja kidogo kidogo kila kilicho kigeni kwake.

Hata hivyo, mwalimu huyu wa pili ana upungufu. Madhara yakichelewa, mnyama hawezi kutambua ni jani lipi lililomdhuru. Mfano wa karibu ni parachichi, zao lililoenea sasa Mbeya, Iringa na Njombe. Majani yake, mabichi hata makavu, yana sumu kwa mifugo. Mbuzi au ng'ombe anayekamuliwa huweza kuvimba kiwele na kupungukiwa maziwa. Akila mengi, moyo hudhurika na huweza kufa. Dalili huweza kuonekana siku moja au mbili baadaye. Aidha, mti huu hubaki na majani ya kijani wakati wa kiangazi, nyasi zinapokuwa zimekauka. Mnyama mwenye njaa hana subira ya kuonja, na mgeni hana mwenzake wa kumwiga.

Kutokana na hayo, mfugaji anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

Kwanza, amuulize muuzaji au mtoaji mtamba alikuwa akila nini, na ikiwezekana aje na kiasi cha chakula hicho.

Pili, achanganye kipya na cha zamani, akiongeza kipya kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Muda huo huwawezesha pia vijidudu vya tumboni vinavyosaga majani kuzoea.

Tatu, amweke mgeni karibu na ng'ombe mzoefu, aone anavyokula.

Nne, asimwanzishie chakula kipya akiwa mgonjwa, wala asimpe pumba nyingi kwa ghafla. Akiumwa, huweza kukichukia chakula kisicho na kosa.

Tano, matawi ya miparachichi yaliyopogolewa yasitupwe bandani wala njiani mifugo inapopita.

Mtamba anayeendelea kukataa kila chakula, asiyecheua, au mwenye homa, huyo si mgeni wa malisho tu. Afisa Mifugo wa kata aarifiwe siku hiyo hiyo.