Taka za Bukavu, Kipindupindu cha Uvira

Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu katika mji wa Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hupita makorongoni, kisha hufunguka uwandani Kamanyola na kushuka hadi Ziwa Tanganyika. Mvua kubwa ikinyesha Bukavu, chupa za plastiki, mifuko na ndala zilizokatika huporomoka kutoka vilimani hadi Ziwa Kivu, na mkondo huzisukuma mpaka kwenye bwawa la umeme la Ruzizi I. Taka zikiziba mitambo, umeme hupungua au hukatika kabisa.

Madhara hayaishii gizani. Pampu za maji ya bomba mjini Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, hutegemea umeme huo. Bomba likikauka, akina mama na watoto hubeba bidoni kwenda kuchota mtoni au ziwani, na huko ndiko kipindupindu kinakowapata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba siku moja bila maji ya bomba Uvira ilifuatwa, katika siku 12, na ongezeko la wastani wa asilimia 155 la walioshukiwa kuugua kipindupindu. Huo si mzigo mdogo kwa mji wowote.

Ziwa nalo linaumia. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi na hutoa maji kwa mto mmoja tu, Lukuga. Kinachoingia hukaa muda mrefu mno. Tope linalotiririka kutoka milima iliyokatwa miti hufunika mawe ambako samaki wengi, wasiopatikana kwingine duniani, hula na kuzaliana.

Kongo ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Desemba 2017. Kazi iliyobaki ni kuzoa taka Bukavu kabla ya mvua.