Wageni wa ziwani wamekwisha kufika: Adabu za kutazama ndege Mkolani

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Mkolani, Mwanza

MWISHONI mwa mwezi Novemba, mvua zilipokuwa zimeshika, kamati ya msikiti wetu hapa Mkolani ilikutana baada ya swala ya Isha kujadili jambo moja tu: mti. Ni mkuyu mkubwa uliosimama ubavuni mwa msikiti tangu kabla msikiti haujajengwa, na msimu ule yangeyange walikuwa wamejenga ndani yake viota zaidi ya 40. Kinyesi chao kiliangukia bati, mvua ikakisukuma kwenye mfereji, na mfereji huo ndio ujazao tangi la maji ya kutawadhia. Maji yalianza kunuka. Waumini walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Fundi wa msumeno alikwisha kuitwa na bei ilikwisha kupatana.

Aliyetuzuia ni mzee mmoja, mvuvi aliyestaafu, ambaye kwa kawaida hukaa nyuma na kunyamaza katika vikao. Safari hii alinyoosha mkono.

"Wanangu, kuna aliyepanda juu akatazama? Mle mna makinda."

Tukamjibu kwa heshima: "Babu, maji ya udhu yananuka. Tufanyeje?"

"Mfereji mnaweza kuuhamisha kesho asubuhi," akasema. "Makinda hawana pa kuhamia."

Kikao kilinyamaza. Miongoni mwetu wamo waliosoma vyuoni, na hapana asiyeijua hadithi iliyomo katika Sunan ya Abu Daud, ya masahaba waliokuwa safarini na Mtume (SAW), wakawachukua makinda wawili wa ndege mdogo. Mama yao akaja akipapatika juu yao kwa uchungu, na Mtume (SAW) alipomwona akaamrisha makinda warudishwe kwa mama yao. Tumeifundisha hadithi hiyo madrasa miaka nenda miaka rudi. Usiku ule ilitubidi tujiulize kama tuliifundisha kwa watoto peke yao.

Suala la fiqhi nalo halikuachwa. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, kinyesi cha ndege ni najisi, lakini wanavyuoni wamekisamehe kile cha misikitini ambacho ni taabu kukiepuka, kwa masharti yake. Maliki na Hanbali wao wanakihesabu kinyesi cha ndege aliwaye kuwa si najisi. Ama maji mengi yaliyozidi kiasi cha kulatayn, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Na ya kwetu yalikuwa yamebadilika harufu. Kwa hiyo tangi lilimwagwa na kusafishwa, mfereji ukageuziwa upande wa pili wa paa, na mdomo wa tangi ukafungwa wavu na kifuniko. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ujira wa fundi wa msumeno. Mti ukaachwa mpaka makinda waruke.

Makala hii imezaliwa na jambo lililofuata. Watoto wa madrasa walianza kukaa chini ya mti kila jioni wakihesabu viota, kisha wakaanza kutuuliza maswali juu ya ndege wengine, nasi hatukuwa na majibu. Tumezaliwa kandoni mwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na majina ya ndege wake tunayajua matano au sita. Tukaona tujifunze pamoja nao.

WAGENI NI AKINA NANI?

Ndugu msomaji, miezi hii ambayo kwetu ni ya mvua za vuli na jua la Januari, huko Ulaya na Asia ya kaskazini ni miezi ya baridi kali. Mabwawa yanaganda, wadudu wanatoweka na mchana unakuwa mfupi. Ndege alaye wadudu akibaki huko atakufa kwa njaa. Hivyo kuanzia Septemba na Oktoba ndege wengi mno huondoka, wakavuka bahari na jangwa la Sahara, na sehemu yao huja kukaa kwetu hadi Machi au Aprili.

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakujua mbayuwayu wao wanakwenda wapi. Wapo wasomi walioamini kwamba hujificha ndani ya matope ya mabwawa mpaka baridi iishe. Mwaka 1822 huko Ujerumani alipatikana korongo mweupe aliyerudi na mkuki wa Kiafrika umempenya shingoni, na hapo watu wakaanza kupata jawabu. Mwezi Mei 1911, mtu mmoja wa Staffordshire, Uingereza, alimvisha mbayuwayu pete mguuni. Desemba 1912 ndege huyo akapatikana Natal, Afrika Kusini. Kiumbe mwenye uzito usiofika gramu 25 alikuwa amekwenda kutoka ncha moja ya dunia karibu na ncha nyingine.

Huyu mbayuwayu wa Ulaya ndiye mgeni rahisi kumtambua hapa Mkolani. Mgongo wake ni wa buluu iliyoiva, koo jekundu la matofali, na mkia umegawanyika kama uma. Asubuhi hujipanga juu ya nyaya za umeme. Vijidudu vya ziwani vinapopanda kama moshi juu ya maji, utawaona kwa mamia wakipita ndani ya wingu lile midomo wazi.

Ziwani kwenyewe yuko buabua mabawa-meupe, mdogo kuliko shakwe, mwepesi, ambaye huinama na kudona juu ya maji bila kuzama. Miezi hii ni mweupe na kijivu, lakini ifikapo Machi na Aprili baadhi yao huanza kugeuka weusi kifuani na tumboni: hiyo ni nguo ya safari ya kurudi kwao. Kwenye mawe ya ufukwe yuko ndege mdogo wa mgongo wa kahawia na tumbo jeupe, asiyeacha kutikisa sehemu yake ya nyuma. Naye ametoka kaskazini. Nyuma ya ng'ombe malishoni, pamoja na yangeyange, watazame wadogo wa tumbo la njano wenye mkia mrefu. Na mkisikia sauti laini za kuitana juu sana angani, huenda ni kundi la keremkerem wa Ulaya linapita.

Wageni hawa wasitusahaulishe wenyeji. Furukombe, tai wa samaki mwenye kichwa cheupe, yupo mwaka mzima. Yupo mnandi anayekausha mabawa juu ya jiwe, mdiria wa madoa meusi na meupe anayesimama hewani kabla ya kutumbukia, na fundichuma mwenye kichwa mfano wa nyundo. Wapo pia wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa na mdomo mwekundu. Wengi wetu tunawaona mitini na hatujui kwamba kwao asilia ni hapa, kaskazini mwa Tanzania, kusini na kusini-mashariki mwa ziwa hili. Ndege wanaofugwa vizimbani Ulaya na Marekani, asili yao ni huku kwetu.

MAHALI PA KUWAONEA

Kwa mkazi wa Mkolani, mwanzo ni mlangoni pake: vilima vya mawe, mashamba ya mabondeni na miti ya mitaani. Saa nzuri ni baada ya swala ya Alfajiri mpaka saa tatu, na tena baada ya Alasiri.

Pili ni ufukwe wa Nyegezi na Luchelele. Hapo pana mialo ya wavuvi, matete na mafunjo. Mwalo una wenyewe: fikeni kwanza kwa viongozi wa BMU au mwenyekiti wa mtaa, toeni salamu, elezeni mlilojia. Sisi tulifanya hivyo na hatukunyimwa. Mvuvi mmoja hata aliwaonyesha watoto wetu mahali mnandi wanapolala. Watoto wasiingie majini. Kichocho kipo katika maji ya kandokando ya ziwa hili, na penye matete mengi kiboko na mamba si hadithi.

Tatu ni Kisiwa cha Saanane, dakika chache kwa boti kutoka Capri Point. Kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini, eneo lake kilomita za mraba 2 na ushei. Jina lake ni la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akikaa hapo. Kiingilio hulipwa kwa TANAPA; ulizeni bei mapema, hasa kama ni kundi la wanafunzi. Nne ni Mwaloni Kirumba, ambako marabu, wale korongo wakubwa wa kipara, husimama kama wazee wa baraza wakingoja matumbo ya samaki. Hawapendezi kwa sura, lakini uchafu wanaoumeza kwa siku moja sisi tungeuvuta pua wiki nzima. Mwenye uwezo wa safari aende Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977.

ADABU ZA MTAZAMAJI

Kwanza, kiota hakisogelewi. Mama akiruka kwa hofu, mayai yanapata jua au baridi na mwewe anapata nafasi. Tazama kwa mbali. Ndege akiacha kula na kuanza kukukodolea, umekwisha kukaribia mno.

Pili, manati ibaki nyumbani. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda na kukamata wanyamapori bila kibali, na ndege wamo. Lakini hata kabla ya sheria, dini yetu imekataza kumfanya kiumbe mwenye roho kuwa shabaha ya mchezo.

Tatu, na hili tumelijifunza kwa aibu. Tuliazima darubini moja, na siku ya kwanza kijana wetu akaielekeza ng'ambo ya kijito ambako akina mama walikuwa wakifua na kuoga. Hakukusudia ubaya, alikuwa akimfuata mdiria. Mama mmoja alikuja mpaka tulipokuwa akatuambia, "Ustadh, hao ndege wenu wanakaa kwenye kanga zetu?" Tulimwomba radhi. Tangu siku hiyo kanuni yetu ni kwamba darubini haielekezwi kwenye nyumba, kwenye maji ya kuogea wala kwa mtu, na picha ya mtu haipigwi bila idhini yake. Kuinamisha macho hakuondolewi na kioo.

Nne, matete yasichomwe wala kukatwa ovyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukanda huo ni mazalio ya samaki na malazi ya ndege kwa pamoja. Anayeumaliza hupunguza kitoweo chake mwenyewe.

Tano ni sumu. Upande wa Kenya wa ziwa letu, katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, imejulikana kwa miaka mingi kwamba wapo watu waliotega ndege kwa dawa ya kuulia wadudu wa mashambani. Waliipaka kwenye konokono wanaoliwa na korongo domo-wazi, wakakusanya mizoga na kuiuza kama kitoweo. Ndege wa matope waliotoka kaskazini ya mbali nao wakafa humo. Mnyama aliyekufa kwa sumu ni nyamafu, si halali kwa Mwislamu, na sumu ile haiishi kwenye manyoya ya ndege: huingia sufuriani. Akina mama, mkiletewa ndege wa bei rahisi wasio na alama ya kuchinjwa, rudisheni.

Mwisho ni kizimba. Wale kasuku wetu wadogo walisafirishwa nje kwa wingi mno katika miaka ya 1980, wakapungua. Mwaka 2016 serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Kijana anayewakamata kwa ulimbo ili auze wawili watatu hajui kwamba analipunguza kundi ambalo kwao ni hapa hapa.

MTI UMEFIKIA WAPI?

Wiki ya kwanza ya Januari makinda wa mwisho waliruka. Watoto walikuja kutupa taarifa kabla hatujauliza. Tulimwita tena fundi wa msumeno, lakini safari hii akakata matawi mawili tu yaliyoning'inia juu ya bati. Si wajumbe wote walioridhika. Wapo wanaosema mvua zijazo tatizo litarudi, na huenda wana hoja. Tumekubaliana kwamba kikao kitakaa tena, na kwamba hakitakaa wakati viota vina makinda. Sisi tulio upande wa mkuyu tunakumbuka mafundisho ya Mtume (SAW), aliyetueleza kuwa mti aliopanda Mwislamu, kila anachokula ndege humo huandikiwa yeye sadaka. Aliyeupanda mkuyu wetu, au aliyeuacha uote, hatumjui jina. Hatuoni kwa nini tumkatie sadaka yake kwa sababu ya mfereji.

Kila mwezi Januari, katika nchi nyingi za dunia, watu hutoka kuhesabu ndege wa majini. Afrika imo katika hesabu hiyo tangu mwaka 1991. Sisi hatujafika huko. Tunalo daftari moja la mistari, darubini ya kuazima, na watoto 11 wanaoandika tarehe, mahali, ndege na idadi. Jumapili baada ya Alfajiri tunatoka msikitini kwa miguu. Mzazi anayetaka kumleta mwanawe na amlete, avae viatu vilivyofunika vidole na abebe maji ya kunywa. Mzee wetu mvuvi ndiye anayetangulia, kwa kuwa majina ya ndege anayajua yeye.