Mbio za Hisani Msimu wa Baridi: Mtayarishe Mtoto, Hata Mwenye Pumu

Leo tunazungumza juu ya mbio.

Huenda mtoto wako amekuja nyumbani na karatasi kutoka shuleni au kanisani. Karatasi inasema kwamba Jumamosi asubuhi kutakuwa na mbio za nyika za kuchangisha pesa. Watoto watakimbia kilomita tano kupitia mashambani, na kila mtoto atafute watu wa kumchangia. Unatazama nje. Ni mwezi wa Julai, ukungu umefunika vilima, manyunyu yanaanguka. Unakumbuka pia kwamba mtoto huyu ana pumu, na juzi usiku alikohoa. Moyo unakwambia, "Mwanangu haendi popote."

Mama, hofu yako ina msingi. Lakini kabla hujakataa, keti tuzungumze. Jambo tunalotaka ulishike leo ni hili: baridi peke yake si sababu ya kumzuia mtoto kukimbia, na pumu peke yake si sababu. Linalomwokoa mtoto ni maandalizi.

Mbio hizi ni za nini?

Mbio za hisani ni mbio ambazo watu hukimbia ili kupata pesa za kusaidia wengine. Hapa Kenya tunazijua vizuri. Jijini Nairobi, mbio za Mater Heart Run zimechangisha pesa za kuwapasua moyo watoto ambao wazazi wao hawana uwezo. Kule Lewa, katika Kaunti ya Meru, mbio zilianzishwa mwaka 2000. Hufanyika mwezi wa Juni, kwenye barabara za vumbi ndani ya hifadhi ya wanyamapori, huku helikopta na askari wa wanyama wakiwalinda wakimbiaji. Pesa zake husaidia kulinda wanyama, na pia shule na zahanati.

Mbio za kwenu ni ndogo kuliko hizo, lakini nia ni ile ile. Mtoto anayekimbia ili mwenzake atibiwe au alipiwe karo anajifunza jambo kubwa. Ni vigumu kumfundisha jambo hilo kwa maneno matupu.

Je, baridi huleta nimonia?

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba upepo wa baridi ukiingia kifuani, mtoto hupata nimonia. Ukweli ni kwamba nimonia huletwa na viini, yaani bakteria na virusi. Viini hivi huenea zaidi msimu wa baridi kwa sababu tunajifungia ndani tukiwa wengi, madirisha yamefungwa, na moshi wa jiko umejaa chumbani. Mtoto mwenye afya anayekimbia kwenye hewa safi, kisha akabadilisha nguo zilizolowa, hapati nimonia kwa sababu ya kukimbia.

Hata hivyo, baridi ina madhara yake. Hewa ya baridi iliyo kavu huwasha njia za hewa za mtoto mwenye pumu. Nguo zilizolowa jasho au mvua hupoza mwili haraka sana mtoto anaposimama. Haya mawili ndiyo ya kuangalia.

Mtoto yupi aonwe na daktari kwanza?

Usimruhusu kukimbia kabla ya kumpeleka hospitali kama:

- amewahi kuzirai akikimbia au akicheza;
- hulalamika kifua kinauma anapokimbia;
- hukosa pumzi upesi kuliko watoto wa rika lake;
- umewahi kuambiwa kwamba moyo wake una kasoro;
- ana ugonjwa wa selimundu, kwa maana baridi na upungufu wa maji mwilini vinaweza kumletea maumivu makali.

Na kama mtoto ana homa siku ile, au mwili wote unamuuma, asikimbie hata kama alijiandaa mwezi mzima. Mwili unaopigana na ugonjwa usiongezewe kazi. Mafua mepesi ya puani bila homa ni kitu kingine. Huyo anaweza kwenda polepole.

Sasa tuzungumze juu ya pumu

Mtoto mwenye pumu ana njia za hewa zilizo nyepesi kuwashwa. Akikimbia, anavuta hewa nyingi kwa mdomo. Hewa ile ikiwa ya baridi, njia huwashwa na kubana. Ndipo unasikia kifua kinalia kama filimbi, au mtoto anakohoa mfululizo baada ya kukimbia.

Je, huyu akae nyumbani maisha yake yote? Hapana. Kuna mwanamke wa Uingereza aitwaye Paula Radcliffe. Yeye ana pumu tangu utotoni. Alishinda mbio za nyika za dunia mwaka 2001 na tena mwaka 2002. Mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25. Hakuna mwanamke aliyeipita rekodi hiyo kwa miaka 16, mpaka binti yetu Brigid Kosgei alipoivunja huko Chicago mwaka 2019. Radcliffe hakuwa amepona pumu. Alitumia dawa zake vizuri na aliujua mwili wake.

Basi ufanye nini, mama?

Kwanza, wiki mbili au tatu kabla ya mbio, mpeleke kliniki. Mweleze daktari kwamba mtoto anataka kukimbia. Kama anakohoa usiku, au anatumia pampu ya buluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yake haijatulia. Huenda akahitaji dawa ya kuvuta kila siku, ile ya kuzuia. Dawa hii haifanyi kazi kwa siku moja, kwa hivyo usingoje Ijumaa jioni. Na usiiache kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Anaonekana mzima kwa sababu anaitumia.

Pili, muulize daktari kuhusu inhela, ile pampu ndogo ya buluu ya kufungua kifua. Watoto wengi huelekezwa kuitumia dakika 10 hadi 15 kabla ya kukimbia. Fuata kipimo ulichopewa.

Tatu, hakikisha anajua kuitumia. Watoto wengi hupuliza dawa ikaishia mdomoni na kooni. Kifaa kama chupa kikiwekwa kati ya pampu na mdomo, dawa hufika kifuani vizuri. Kama huna pesa za kukinunua, chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita inaweza kusaidia. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa kama hiyo, ikitengenezwa vizuri, ilisaidia watoto wenye shambulio la pumu sawa na kifaa cha kununua. Chupa huoshwa na kukaushwa, kisha chini yake hutobolewa tundu la kutosha mdomo wa pampu, na ukingo huzibwa hewa isipite. Mtoto huweka midomo yake kwenye mdomo wa chupa, pampu hubonyezwa mara moja, naye huvuta na kutoa pumzi polepole mara tano au sita. Mwombe muuguzi akuonyeshe mara ya kwanza, usikisie.

Nne, mwambie mwalimu. Mama wengine huficha pumu ya mtoto kwa kuona haya, au kwa kuogopa kwamba ataondolewa kwenye timu. Mwalimu asiyejua hawezi kumsaidia. Mwambie jina la dawa, ilipo, na namba yako ya simu. Pampu isibaki kwenye mkoba ndani ya gari la shule. Iwe mfukoni mwa mtoto, au mkononi mwa mtu mzima aliye karibu na njia ya mbio.

Tano, mtoto asianze kwa kasi. Atembee, kisha akimbie polepole kwa dakika 10 au 15 kabla ya mbio kuanza, ili njia za hewa zizoee. Kukiwa na baridi kali, ajifunge leso nyepesi puani na mdomoni. Hewa hupata joto kidogo kabla ya kufika kifuani.

Pumu ikimshika njiani

Asimame. Aketi wima, asilazwe chali. Mtulize kwa sauti ya upole. Mpe pampu ya buluu kupitia chupa: bonyeza mara moja, avute pumzi, ngoja nusu dakika hadi dakika moja, rudia. Unaweza kufikisha mara 10.

Mkimbize hospitali ikiwa hapati nafuu, au ukiona dalili hizi: hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, midomo inakuwa ya kijivu au buluu, au anaanza kulegea na kusinzia. Endelea kumpa dawa mkiwa njiani. Na tahadhari: kifua kilichokuwa kikilia kikanyamaza ghafla huku mtoto akihangaika kupumua, si kupona. Ni hatari zaidi.

Chakula na nguo

Ijumaa jioni mtoto ale vizuri: ugali, githeri, viazi au wali, pamoja na mboga na maharagwe. Asubuhi, saa mbili hivi kabla ya mbio, apate uji wa wimbi, au ndizi na kipande cha mkate. Chai ya rangi tupu haimtoshi. Na maji anywe, hata kama hasikii kiu. Baridi hudanganya, mtoto hutoka jasho bila kutambua.

Kwa nguo, mvishe moja juu ya nyingine: fulana ndani, kisha shati la mikono mirefu, sweta juu. Sweta livuliwe mbio zinapokaribia kuanza. Sweta la sufu lililolowa ni mzigo. Viatu viwe vile alivyozoea. Raba mpya za siku ile, au za kaka yake zilizomzidi, zitamletea malengelenge au zimwangushe.

Halafu, mama, tia kwenye kiondo vitu hivi vinne: fulana kavu, soksi kavu, taulo au leso, na kitu cha moto kwenye chupa ya chai. Mtoto akimaliza asikae kwenye nyasi kusubiri zawadi akiwa amelowa. Atembee dakika chache, kisha abadilishe nguo mara moja.

Binti aliye kwenye hedhi anaweza kukimbia kama anajisikia vizuri. Mpe sodo na suruali ya rangi nyeusi, umwache aamue mwenyewe.

Mkirudi nyumbani

Hapa kuna hatari kubwa kuliko mbio zenyewe. Mtoto amerudi anatetemeka, nawe unawasha jiko la makaa, unaliingiza chumbani, unafunga mlango na dirisha apate joto. Usifanye hivyo kamwe. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksaidi. Mtu huumwa na kichwa, hulegea, hulala, na huenda asiamke. Kila msimu wa baridi familia hupoteza watu kwa njia hii. Mpashe mtoto joto kwa nguo kavu, blanketi, maji ya moto ya kuoga na uji. Jiko libaki nje.

Mchunguze miguu pia. Mbio za nyika zina miiba, mawe na vipande vya chupa. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni. Kama ni kirefu, mpeleke zahanati, na uulize kama chanjo yake ya pepopunda imekamilika. Na usiku ule msikilize anavyopumua, kwa sababu kifua kinaweza kubana saa kadhaa baada ya mbio.

Neno la mwisho

Kabla hajatoka nyumbani, mwambie mtoto maneno haya: "Ukichoka, tembea. Ukikosa pumzi, simama useme. Sitakukasirikia." Watoto wengi huumia kwa sababu waliogopa kuaibika mbele ya wenzao, au waliogopa kwamba waliomchangia watadai pesa zao. Hakuna anayedai pesa za hisani kwa sababu mtoto alitembea. Aliyetembea hadi mwisho amesaidia sawa na aliyeshika nambari ya kwanza.

Mambo ya kukumbuka

1. Baridi si ugonjwa. Nguo zilizolowa na dawa iliyosahauliwa ndizo hatari.
2. Mtoto mwenye homa asikimbie. Aliyewahi kuzirai akikimbia aonwe na daktari kwanza.
3. Mwenye pumu aende kliniki mapema, abebe pampu yake, na mwalimu ajue.
4. Jiko la makaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu

Je, katika shule ya watoto wetu, ni nani anayejua mtoto yupi ana pumu? Siku ya mbio, nani atakuwa na gari la kumfikisha mtoto hospitali? Na ni nani kati yetu anayeweza kukaa katikati ya njia na kiondo cha nguo kavu?

Kama mtoto wako anakimbia Jumamosi, tunamtakia safari njema.