Kinachopotea Nalasi Hakipimwi kwa Saa

Zikitajwa habari za vijana waliotekwa na simu, wengi huwaza Dar es Salaam au Nairobi. Nalasi haimjii mtu kichwani. Ni kata mbili, Mashariki na Magharibi, kusini mwa Wilaya ya Tunduru mkoani Ruvuma. Ukizidi kusini unaukuta Mto Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Wakazi wengi ni Wayao, na maisha yao yamejengwa juu ya korosho, ufuta na mbaazi. Ukienda huko na vipimo vinavyotumika duniani utarudi na majibu ya kufurahisha, na utakuwa umedanganyika.

Mwaka 2013 Min Kwon na wenzake wa Korea Kusini walichapisha dodoso la maswali 10 la kupima uraibu wa simu janja kwa vijana. Kijana anaulizwa kama simu humfanya aache kazi aliyopanga, kama shingo inamuuma, kama anaweza kuvumilia kukaa bila simu. Maswali hayo yanachukulia kwamba simu ni yake, ina chaji na ina bando. Nalasi simu ni ya mama, ya kaka au ya mjomba. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mzima. Shuleni haruhusiwi kuibeba. Kijana wa namna hii atapata alama za chini, na mtafiti ataandika kuwa utegemezi haupo.

Kaa nao jioni penye kibanda cha kuchajia simu. Vijana sita au saba wamezunguka kioo kimoja, mwenye bando yuko katikati, wengine wanachungulia begani. Video fupi inaisha, nyingine inaanza. Kwa muda mrefu utasikia “rudisha hapo”, “pitisha”, “ongeza sauti”. Hakuna anayesimulia wala anayebishiwa. Yule asiye na simu ameimaliza jioni yake ndani ya simu ya mwenzake, na hakuna hesabu ya saa itakayomwandika.

Kaka zao walipokaa jioni kama hiyo kulikuwa na bao, vitendawili na ubishi usiokwisha wa Simba na Yanga. Ubishi ule uliwafundisha watu kutetea hoja mbele ya macho ya wenzao, kushindwa bila kununa na kutania bila kuumiza. Kwangu hasara hii ni kubwa kuliko zote, na ndiyo isiyo na kipimo hata kimoja.

Kwa upande wa kufikiri, korosho inatosha kutupa mtihani. Msimu ukifunguka, mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha ushirika (AMCOS), mnada hufanyika, kisha malipo huja yakiwa na makato yake. Chukua mfano wa kilo 87 kwa shilingi 3,200. Mzee aliyeishia darasa la nne atainamisha kichwa kidogo: kilo mia ni laki tatu na ishirini, toa kilo 13 ambazo ni arobaini na moja elfu na mia sita, inabaki 278,400. Mjukuu wake wa kidato cha pili atauliza simu iko wapi. Akiipata atamshinda babu kwa kasi. Lakini akikosea sifuri moja hatashtuka, kwa sababu hana makadirio kichwani ya kulinganisha na kile anachokiona kwenye kioo. Atasaini.

Mwaka 2011 Betsy Sparrow na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba mtu akiamini taarifa imehifadhiwa kwenye kompyuta, huikumbuka kidogo. Wapo pia wanaotutuliza. Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua mwaka 2019 takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wa Marekani na Uingereza, wakakuta teknolojia inaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Nayakubali matokeo hayo. Ila walipima ustawi. Hesabu ya kichwani na ujasiri wa kubishana ana kwa ana havikuwamo. Kijana anaweza kuwa na furaha tele huku uwezo ukimponyoka.

Namna ya kupima tunayo hapahapa nchini. Mwaka 2010 tathmini ya elimu ya Uwezo ilipita nyumba kwa nyumba na majaribio ya kiwango cha darasa la pili, ikabainika kwamba wanafunzi wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili. Kabla ya hapo tulikuwa tukihesabu madawati na idadi ya walioandikishwa. Vivyo hivyo, mpe kijana wa Nalasi hesabu ya korosho, hadithi ya kusikiliza na kuisimulia upya, na ugomvi wa wawili wa kuusuluhisha, bila simu. Siku nyingine mpe kazi za aina hiyohiyo akiwa na simu. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo utegemezi wake.

Kazi hii haingoji. Mwaka 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 ya mawasiliano vijijini, na ni haki ya vijiji kuipata. Bei ya mnada na salamu za ndugu walio mbali hupitia humo. Lakini mtandao ukishaenea kila kaya, hatutapata tena vijana wa kulinganisha nao. Halmashauri ya Tunduru na walimu wa sekondari za huko waanze na kidato cha kwanza cha Januari ijayo.