Homa Isiyo Malaria

Mgonjwa anatobolewa kidole, tone la damu linadondoshwa kwenye kipimo cha haraka, na baada ya dakika chache unatokea mstari mmoja tu. Hana malaria. Badala ya kufurahi, wengi hununa: sasa nini kinawachemsha hivi?

Mara nyingi ni virusi. Vikishaingia mwilini, ubongo hupandisha joto kwa makusudi, kwa kuwa virusi vingi huzaana kwa shida penye joto. Ndiyo maana mtu mwenye nyuzi 39 hulalamika baridi. Kumrundikia mablanketi ni kumwongezea joto, na kummwagia maji ya baridi sana humtetemesha, joto likazidi. Nguo nyepesi, dirisha wazi na kitambaa chenye maji ya uvuguvugu vinatosha.

Pwani yetu inazijua homa hizi. Chikungunya ilitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika, katika nyanda za Wamakonde, mwaka 1952. Dengue iliitikisa Mombasa mwaka 2013, ikazuka Dar es Salaam 2014 na tena 2019. Zote mbili huenezwa na mbu wa Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, ambaye huuma mchana na kutaga kwenye maji ya tairi bovu, kifuu au ndoo isiyofunikwa. Chandarua cha usiku hakimsumbui sana.

Dukani, mtu huuziwa amoksilini. Ni hela iliyopotea, kwani antibiotiki haziui virusi. Kinachosaidia ni parasetamoli: mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku; mtoto hupimiwa kwa uzito wake. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ziachwe iwapo dengue inashukiwa, maana huongeza hatari ya kutoka damu. Mgonjwa anywe kwa wingi pia: maji, uji, dafu, ORS.

Dengue ina hila moja. Hatari yake huja homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, wakati ndugu wameanza kushukuru Mungu. Mishipa huvujisha maji ya damu na presha huanguka. Tumbo likiuma sana, kutapika kusipokoma, fizi zikitoa damu au mgonjwa akilegea na kusinzia ovyo, apelekwe hospitali papo hapo, hata kama ngozi yake imepoa. Mtoto wa chini ya miezi mitatu hasubiri dalili hizo. Homa yenyewe inatosha kumpeleka.